Kuvaa reflekta pekee hakutoshi

Mina, Septemba 24, 2015, mikondo miwili ya mahujaji ilikutana njiani. Saudia ilitangaza vifo 769. Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Kwenye msongamano, kifua kikibanwa mtu hukosa pumzi hata akiwa amesimama.

Sisi wa Al-Safa, Jeddah, tukiandaa sherehe ya Idi au harusi, vijana wanaojitolea wafundishwe kwanza mambo matatu. Wanaoingia na wanaotoka wasipite mlango mmoja. Mabega yakianza kugusana pande zote, wasimamishe wanaoingia, milango ya kutokea ibaki wazi. Njia ya ambulensi isiegeshwe gari hata la mgeni rasmi. Mtu akianguka, wapige 997.