Waliosikia Mtikisiko Bila Kuona: Utangulizi wa Utafiti wa Uvumi Wakati wa Majanga

Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Bihar, kaskazini mwa India, na maelfu ya watu wakafa. Siku zilizofuata, mwanasaikolojia Jamuna Prasad alianza kukusanya na kuandika yale yaliyokuwa yakisemwa mitaani. Kwamba maji ya Mto Ganges yametoweka na waliokuwa wakioga wamefukiwa mchangani. Kwamba kimbunga kinakuja katika mji wa Patna. Kwamba mafuriko yanateremka kutoka mpaka wa Nepal. Kwamba tarehe 26 Februari ni kiama.

Karibu habari zote hizo zilitabiri mabaya zaidi ya yale yaliyokwisha kutokea, na hilo linashangaza. Mtu mwenye hofu tungetegemea atafute la kumtuliza. Kwa nini ajitishe tena? Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwaka 1957, mwanasaikolojia Leon Festinger aliupitia upya mkusanyo huo na kutoa jibu ambalo hadi leo naona halijapitwa. Waliokuwa wakisema hayo, alisema, ni watu walioisikia ardhi ikitikisika lakini hawakuona nyumba iliyoanguka wala maiti iliyofukuliwa. Hofu ilikuwa imekwisha kuwaingia mwilini, ila machoni hapakuwa na kitu cha kuieleza, hivyo wakaitafutia sababu inayolingana nayo. Durganand Sinha naye, alipochunguza maporomoko ya ardhi ya Darjeeling ya mwaka 1950, alikuta kwamba watu waliokuwa katikati ya uharibifu wenyewe hawakuwa na uvumi wa kutia chumvi namna ile. Sababu ya hofu yao ilikuwa mbele ya macho yao.

Nimeanza na Bihar kwa makusudi. Anayeingia leo katika utafiti wa mawasiliano ya dharura na taarifa potofu mitandaoni hukaribishwa na takwimu, michoro na majina ya kampuni za teknolojia, akadhani mambo haya yalizaliwa pamoja na simu janja. Simu imezidisha jambo la zamani. Imewafanya mamilioni kuwa kama wale watu wa Bihar waliosikia bila kuona: mlima wa volkano ukilipuka Goma, mtu aliyeko Mwanza, Nairobi au Brussels anausikia mtikisiko ndani ya dakika chache, mkononi, kwa sauti ya mtu anayelia, na hana namna ya kuona.

Uwanja huu una wazazi wawili ambao kwa muda mrefu hawakujuana. Wa kwanza ni saikolojia na sosholojia ya uvumi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, gazeti moja la Boston lilikuwa na safu ya kuchambua na kukanusha uvumi, na mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman walitoa kitabu kilichosema kwamba nguvu ya uvumi hutegemea mambo mawili: uzito wa jambo kwa msikilizaji, na utata wa ushahidi uliopo. Moja likikosekana, uvumi hufa. Tamotsu Shibutani alikwenda mbali zaidi. Yeye alikuwa miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa makambini wakati wa vita hivyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1966 aliueleza uvumi kama juhudi za watu kutengeneza habari kwa pamoja pale vyombo rasmi vinapowanyima. Nakuomba umsome huyu kabla ya wengine wote. Aliandika juu ya watu wenye akili timamu waliowekwa gizani.

Mzazi wa pili ni taaluma ya uhusiano wa umma, iliyokua kwa swali la jinsi kampuni inavyoweza kuokoa jina lake baada ya balaa. William Benoit na Timothy Coombs ndio majina utakayokutana nayo. Baada ya mashambulizi ya kimeta nchini Marekani mwaka 2001, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo kiliyachukua mafunzo ya namna hiyo na kuyageuza kuwa mwongozo wa afya ya jamii: wahi kusema, sema lililo sahihi, aminika. Mwongozo huo ni mzuri. Upungufu wake ni kwamba sharti la tatu haliwezi kutimizwa siku ya dharura. Kuaminika hujengwa miaka mingi kabla.

Kisha ikaja Twitter, na watafiti kwa mara ya kwanza wakaweza kuuhesabu uvumi. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018. Walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu wapatao milioni 3 kati ya 2006 na 2017, wakakuta kwamba ukweli ulichukua takriban mara sita ya muda wa uongo kuwafikia watu 1,500. Waliousambaza uongo huo hasa walikuwa binadamu, si roboti, na sababu waliyoipa uzito ni upya wa jambo: watu hupitisha lile ambalo hawajalisikia. Utasikia matokeo hayo yakirudiwa kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kumbuka tu kwamba habari walizozipima ni zile ambazo mashirika ya uhakiki yalikuwa yamekwisha kuzichunguza, yaani zile zenye ubishi tangu mwanzo. Hawakupima kila neno linalosemwa duniani.

Sasa twende Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo ningependa kila mwanafunzi wa fani hii apite, angalau kwa kusoma.

Mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliofariki 2,287. Safari hii chanjo ilikuwepo, tena inayofanya kazi, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Hata hivyo, Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na tarehe 19 Aprili Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa hospitalini Butembo.

Patrick Vinck na wenzake walikuwa wamewahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018. Asilimia 25.5 walisema hawaamini kwamba Ebola ipo. Ukiishia hapo utaagiza mabango na vipeperushi. Endelea kusoma: ni asilimia 31.9 tu walioamini kwamba viongozi wa eneo lao wanawatetea, na wenye imani ndogo ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kufuata njia za kujikinga.

Jiweke katika nafasi ya mkazi wa Beni. Tangu Oktoba 2014 majirani zako wanauawa usiku kwa mapanga, jeshi lipo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wapo, na mauaji hayakomi. Watoto wanakufa kwa malaria na surua. Ghafla linakuja jeshi la wataalamu, ambalo watu waliliita kwa Kifaransa Riposte, na magari mapya, na fedha, na baadaye walinzi wenye bunduki, kwa ajili ya ugonjwa mmoja ambao hujawahi kuuona. Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi inatangaza kwamba Beni na Butembo zitapiga kura Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais akaapishwa Januari. Zaidi ya watu milioni moja hawakushiriki kumchagua. Siku iliyofuata tangazo lile, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha Ebola. Aliyesema Ebola ni mradi wa wanasiasa alikosea kuhusu kirusi. Kuhusu wanasiasa, alikuwa na sababu.

Ndani ya hali hiyo, watu wa kujitolea wa Shirika la Msalaba Mwekundu walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Kazi yao, pamoja na kuelimisha, ilikuwa kuandika walichoambiwa: swali, dhana, lawama, ushauri, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, pamoja na mahali na tarehe. Maneno hayo yalipangwa kwa mafungu na kupelekwa mara kwa mara kwa walioendesha mapambano dhidi ya ugonjwa. Jambo moja lilijirudia sana. Ndugu yetu aliingia kituoni kwa miguu yake, ametoka ndani ya mfuko uliofungwa, anazikwa na watu waliofunikwa nyuso. Tunajuaje kwamba ni yeye? Tunajuaje kwamba hajanyofolewa viungo?

Jibu lililopatikana lilikuwa mfuko wa maiti wenye sehemu inayoonyesha ndani, ili familia imtambue mtu wake na kumuaga. Upande wa matibabu, shirika la ALIMA lilitumia chumba cha plastiki angavu ambamo mgonjwa aliweza kuonekana na kuongea na jamaa zake waliokuwa nje. Sidhani kuna tangazo la redio ambalo lingeweza kufanya kazi ya kipande kile cha plastiki. Kilimpa mwenye shaka uwezo wa kuona.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na hofu ya viungo kunyofolewa. Babu na bibi zetu walizungumza juu ya mumiani na wazimamoto waliodaiwa kuwanyonya watu damu, na mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Hakuyachukulia kama ujinga. Aliyasoma kama kumbukumbu ya jinsi watu walivyoielewa serikali ya kikoloni iliyoingilia miili yao, kazi zao na usiku wao. Hapa historia na tiba zinakutana, na ni sehemu ya uwanja huu ninayoipenda kuliko zote.

Ipo hofu moja ya kitaalamu ambayo huna haja ya kuibeba. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walionyesha kwamba katika baadhi ya mambo ya kisiasa, kumsahihisha mtu kulimfanya ashikilie kosa lake zaidi. Wengi wakaogopa kukanusha chochote. Thomas Wood na Ethan Porter walilijaribu jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 katika mada 52, wakachapisha matokeo mwaka 2019: kwa ujumla, watu wakionyeshwa ukweli husogea kuufuata. Kusahihisha kunasaidia. Swali lililobaki ni nani asahihishe, na mbele ya nani.

Na swali hilo haliwezi kujibiwa kwa data za Twitter. Njia ya bure ya kuzipata ilifungwa mwaka 2023, na CrowdTangle, iliyowasaidia watafiti kuifuatilia Facebook, ilizimwa Agosti 2024. Hata zingekuwepo, mazungumzo yetu mengi yamo WhatsApp, kwenye makundi ya familia, ya mtaa, ya kwaya, ya waliosoma darasa moja, mara nyingi kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha za nyumbani. Kuingia humo kunahitaji ridhaa ya wenyewe, muda mrefu, na sikio linalotambua lahaja. Dani Madrid-Morales, Herman Wasserman na wenzao walikaa na kuzungumza na wanafunzi wa vyuo katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, na utafiti wao wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wengi husambaza ama kwa kuona ni wajibu kuwatahadharisha wenzao, ama kwa kujifurahisha. Wanaotahadharisha wanastahili heshima yetu hata wanapokosea.

Chukua basi kundi la familia. Shangazi ametuma ujumbe wa sauti kwamba chanjo iliyoletwa shuleni inafunga uzazi. Mpwa wake, ambaye ni muuguzi, anajua si kweli. Hawezi kumkosoa mkubwa wake mbele ya watu arobaini, hivyo anamfuata pembeni kwa ujumbe wa faragha: "Shikamoo shangazi, samahani, ile habari..." Shangazi anaelewa, pengine anashukuru. Lakini Leticia Bode na Emily Vraga, kwa majaribio ya miaka kadhaa, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida ya kusahihisha iko kwa watazamaji, wale wanaopita tu na kusoma. Katika familia hii watazamaji hawakuona kitu. Kina mama wenye watoto katika shule ile wameusikia ujumbe wa kwanza tu. Je, mpwa angemwomba shangazi mwenyewe alirudie jambo kundini kwa sauti yake? Au amtafute mjomba mwenye umri wa kulisema? Au aulize kundini kama asiyejua, ili mwingine ajibu? Kila njia inaweza kupimwa, kwa majaribio na kwa mahojiano, na wanaofaa kuanza kupima ni wale waliolelewa ndani ya adabu hizo.