Damu Baada ya Kifafa: Tusihukumu kwa Haraka



Ndugu wasomaji, kijana mmoja wa chuoni kwangu alianguka kifafa katikati ya darsa. Mtukutiko haukukoma upesi kama siku nyingine, tukamkimbiza hospitali. Damu ilipopimwa, baba yake aliambiwa kwamba amonia imepanda. Neno hilo lilizua fazaa nyumbani. Huyu alisema ini limeharibika, yule alisema ni jini, na bibi yake akataka dawa za kifafa zitupwe. Basi yafaa tuelezane.

Amonia ni kitu chenye harufu kali, kama ile ya mkojo uliolala. Kila siku mwili huizalisha, hasa matumboni, kutokana na vyakula kama nyama, samaki na maharage. Ini huigeuza kuwa yurea, kisha figo huitoa kwa mkojo. Kazi hiyo ya ini ilibainishwa mwaka 1932 huko Ujerumani na Hans Krebs na Kurt Henseleit.

Kifafa cha mwili mzima kikirefuka, misuli hufanya kazi kupita kiasi, mfano wa mpiga kasia asiyepumzika. Akiba yake ya nguvu ikipungua, misuli hiyo hutoa amonia nyingi kwa ghafla, kuliko ini liwezavyo kuisafisha. Kwa hiyo damu ikipimwa mara tu baada ya mtukutiko, amonia huweza kuonekana imezidi hata kwa mtu mwenye ini zima. Aghalabu hushuka yenyewe baada ya saa chache, na ndiyo sababu daktari hupima tena. Isiposhuka, au mgonjwa asipozindukana, hutafutwa sababu nyingine, kama maradhi ya ini au dawa. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti nayo huweza kuipandisha. Lakini kuibadilisha ni kazi ya daktari, kwani kuacha dawa ghafla huweza kuleta kifafa kikali zaidi.

Kijana wetu alipimwa tena asubuhi, na amonia ilikuwa imeshuka. Lau dawa zake zingetupwa, tungemdhulumu.

Enyi wazazi, nanyi vijana, mtu akianguka tazameni saa. Mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani. Zikipita dakika 5, mpelekeni hospitali bila kungoja. Mwambieni daktari mtukutiko ulidumu muda gani, na mgonjwa hutumia dawa zipi.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.). Hakumfukuza wala hakumdharau. Alimhiari baina ya kusubiri apate Pepo, na kuombewa afya. Mwanamke akachagua subira, ila akaomba mwili wake usifunuke aangukapo, naye akamwombea. Basi nasi tumsitiri mgonjwa wetu kwa nguo na kwa ulimi, na tumtafutie tiba, kwani Mtume ametuamuru kujitibu.