Trekta la shamba la miti

Trekta la shamba la miti ni trekta linalotumika kufyeka vichaka, kuvuta magogo na kutunza njia katika ardhi yenye miti. Kwa kawaida ni trekta la kilimo, dogo au la wastani, lililoongezewa kinga na vifaa.

Wanunuzi wengi hutazama kwanza nguvu ya injini, lakini kati ya miti uzito, upana na matairi ni muhimu zaidi. Trekta jepesi huteleza hata likiwa na injini kubwa, na lililo pana mno halipiti. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hufaa kwenye tope na mteremko. Bamba nene la chuma chini ya injini hulinda mabomba dhidi ya visiki vilivyofichwa na nyasi.

Kinga ya dereva

Hatari kubwa ni kupinduka. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza kudai fremu ya usalama kwenye matrekta mapya, mwaka 1959, na vifo vya aina hiyo vilipungua sana huko. Fremu huacha nafasi ya dereva kusalimika, mradi amefunga mkanda. Asipoufunga anaweza kurushwa nje na kulaliwa na trekta. Fremu za kukunjwa zina kishawishi chake: dereva huikunja ili apite chini ya matawi, kisha husahau kuiinua. Ni afadhali kukata matawi hayo kwanza. Penye miti mirefu huhitajika pia paa imara, kwa kuwa fremu yenyewe haizuii tawi linaloanguka.

Vifaa

Vifaa vingi hufungwa nyuma kwa kiungo cha nukta tatu, kilichoenea kupitia kazi ya Harry Ferguson na trekta la Ford la mwaka 1939. Mashine ya kufyekea na ya kusaga matawi huzungushwa na shafti ya nyuma, kwa kawaida mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Nguo ikinaswa, mtu hana muda wa kujinasua; kifuniko cha shafti kisiondolewe kamwe.

Gogo huvutwa kutoka sehemu ya chini, kamwe si juu ya ekseli ya nyuma. Likifungwa juu na kukwama kwenye kisiki, magurudumu huendelea kusukuma na trekta huinuka mbele hadi kumwangukia dereva, mara nyingi kabla hajakanyaga klachi. Winchi hupunguza hatari hiyo, kwani trekta husimama mahali tambarare na kamba ndiyo inayoingia bondeni.

Katika Mufindi na Njombe, ambako wakulima wengi hupanda misindano na mikaratusi kwenye maeneo madogo, winchi ya kufungwa kwenye trekta la kulimia ina maana zaidi kuliko kununua mashine maalumu ya msituni, ambayo ingekaa bila kazi miaka yote miti ikikua.