Karo Imelipwa, Deni Halijafutika

Shule ya binafsi yenye wanafunzi 300 huwa na mifumo miwili isiyojuana: programu ya hesabu inayotunza deni la kila mtoto, na Paybill ya M-Pesa inayopokea karo. Katikati yake yuko mhasibu. Kila jioni hupakua taarifa ya malipo, akaifungua kwa Excel, akaanza kutafuta pesa hii ni ya mtoto gani. Mwenye shule anauliza: nimlipe fundi mifumo hii izungumze yenyewe?

Kuunganisha moja kwa moja si ghali kama zamani. Mlango wa awali wa M-Pesa ulitumia SOAP, yaani barua ndefu za XML zilizomchosha fundi. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua mlango mpya uitwao Daraja, unaotumia JSON iliyo nyepesi. Kujisajili ni bure na pana uwanja wa majaribio. Fundi mzoefu huweza kupokea malipo ya kwanza ndani ya siku chache, kisha akakwambia kazi imekwisha.

Haijaisha. Nambari ya usajili ya mtoto ni 0147. Mzazi ameandika 147, mwingine ameandika "Amina darasa la nne". Daraja hufikisha maneno hayo vilevile, bila kukosea herufi, na programu ya shule haimjui mtu huyo. Nimemwona mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo ambayo mama yake alikwisha kuilipa, ujumbe wa M-Pesa ukiwa mkononi. Mifumo yote miwili ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo maana sikubali huduma ya wavuti kama Daraja iitwe muunganisho kabla pande mbili hazijaafikiana maana ya kila nambari.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 2002 IBM, Microsoft na wenzao walilazimika kuunda shirika la WS-I, kwa kuwa bidhaa zilizofuata kanuni zilezile za SOAP bado zilishindwa kuelewana.

Daraja lina dawa ya sehemu: linaweza kuiuliza seva ya shule kama nambari ipo kabla ya kupokea pesa. Lakini huduma hiyo lazima uombe iwashwe, na seva yako iwe macho usiku na mchana. Ikinyamaza, malipo hupita au hukataliwa kufuatana na ulivyochagua mwanzoni. Kwa hiyo weka kwenye hesabu kodi ya seva ya kila mwezi, na fundi wa kuitwa siku mambo yakibadilika.

Njia ya pili ni wakala wa malipo, anayekata asilimia. Tuseme anakata asilimia 1.5 na kila mtoto analipa shilingi 15,000 kwa muhula: shule inapokea 4,500,000, inakatwa 67,500, na kwa mihula mitatu ni 202,500. Duka linalopokea kadi, Airtel Money na M-Pesa kwa pamoja linaweza kuona faida yake. Shule yenye njia moja ya malipo, naona inaumia, maana wakala naye hamjui Amina.

Kuna pia programu za shule zinazouzwa zikiwa na malipo ndani. Ni nzuri, mradi uhakikishe kwa maandishi kwamba siku ukihama utaondoka na kumbukumbu zako zote.

Shule ya watoto chini ya 100 ibaki na mhasibu na Excel. Aweke safu ya nambari za usajili kama maandishi, maana Excel hufuta sifuri ya mbele na 0147 ikawa 147.

Shule zenye watoto wengi zaidi zimwite fundi, na kabla ya kutia sahihi aonyeshe kinachotokea mzazi akikosea nambari. Akifungua orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, mhasibu akaweza kuyapeleka kwa mtoto husika papo hapo, mlipe. Akisema wazazi hawakosei, mtafute mwingine.