Saa Janja Inapoishiwa Chaji Haraka Baada ya Sasisho

Betri ya saa janja ni ndogo mno, na kwa sababu hiyo hitilafu ndogo ya programu huonekana kubwa. Galaxy Watch4 ya milimita 44, iliyotoka mwaka 2021, ina betri ya mAh 361, na ile ya milimita 40 ina mAh 247 tu. Apple Watch nyingi zina takriban mAh 300. Simu nyingi zinazouzwa madukani Nyeri mjini, Karatina au Nanyuki zina mAh 5,000. Kifaa cha mAh 300 kilichotengenezwa kidumu muda wa saa 18 kinatumia, kwa wastani, kama miliampea 17. Sasisho likikiongezea kazi ya miliampea 10 tu, chaji yake itaisha baada ya saa 11. Aliyekitoa kwenye chaja saa kumi na mbili asubuhi atabaki na kioo cheusi mkononi kabla ya giza kuingia. Kazi hiyo hiyo ikipewa simu ya mAh 5,000 kwa saa 18 itakula mAh 180, pungufu ya asilimia 4, na mwenye simu hatatambua lolote.

Ndiyo maana malalamiko ya chaji huzuka karibu kila mfumo wa saa unapobadilishwa, hata pale ambapo simu iliyosasishwa usiku huo huo haina neno.

Sasisho likishaingia, saa haitulii mara moja. Saa zinazotumia Wear OS huzitayarisha upya programu zote ili ziendane na mfumo mpya. Picha, anwani, nyuso za saa na kumbukumbu za afya hupangwa upya, na mengi kati ya hayo husafiri tena kutoka kwenye simu kwa Bluetooth. Kazi hii hufanyika kimyakimya, na wakati mwingine saa huhisi joto kidogo mkononi. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Apple yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba baada ya sasisho, hasa likiwa kubwa, chaji inaweza kupungua haraka kwa muda mfupi. Anayeanza kufuta programu na kubadilisha mipangilio jioni ya siku ya kwanza anahangaikia tatizo ambalo huenda lingeondoka lenyewe. Baya zaidi, anapoteza uwezo wa kujua chanzo kilikuwa nini.

Siku mbili zikipita, kipimo kizuri ni cha usiku. Saa ijazwe hadi asilimia 100, ivaliwe kitandani bila kuguswa, kisha isomwe saa nne usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi. Saa isiyo na hitilafu, ya aina inayochajiwa kila siku, hupoteza pungufu ya asilimia 20 katika muda huo. Ikipoteza 40, kuna kitu kinachofanya kazi ndani yake. Usiku wa pili iwekwe mezani ikiwa katika hali ya ndege, yaani mawasiliano yote yakiwa yamezimwa. Chaji ikitulia, mashaka yaelekezwe kwenye mawasiliano ya saa na simu au kwenye vihisi vya mwilini. Ikiendelea kushuka, basi kuna programu iliyokwama au betri yenyewe imechoka. Majaribio haya mawili hayagharimu chochote, na humwepusha mtu na nusu ya ushauri anaoweza kupewa na marafiki.

Tiba ya kwanza ni kuzima na kuwasha upya. Ushauri huu husikika kama wa kumfukuza mteja, lakini una mantiki: programu iliyokwama kwenye kumbukumbu ya saa haitoki mpaka kumbukumbu hiyo isafishwe. Kwenye Apple Watch iliyogoma, kitufe cha pembeni na kile cha duara hubonyezwa pamoja kwa sekunde zisizopungua 10 mpaka nembo itokee. Saa nyingine hutumia kitufe kimoja au viwili vya ubavuni.

Upande wa simu husahauliwa mara nyingi, ilhali matatizo mengi yanatoka huko. Kila saa ina programu mwenzake kwenye simu, na saa ikipanda daraja huku programu hiyo ikibaki ya zamani, mawasiliano yake huwa ya kukatikakatika. Pia simu nyingi za Android hufunga programu zinazoonekana kuwa hazitumiki ili kuokoa betri ya simu. Programu ya saa ikifungwa, saa huanza kumtafuta mwenzake, humpata, humpoteza, kisha humtafuta tena, na kutafuta hula chaji zaidi kuliko kubaki imeunganishwa. Dawa yake ni kuisasisha programu hiyo, kisha kuingia kwenye mipangilio ya betri ya simu na kuiruhusu ifanye kazi wakati wote. Saa za bei nafuu zinazotumia programu kama Da Fit au FitPro huathirika kwa namna hiyo hiyo, hata kama mfumo wake ni mwepesi na betri yake hukaa siku kadhaa.

Kinachofuata ni mipangilio. Sasisho linaweza kurudisha vitu alivyovizima mwenye saa, au kuleta vipya vikiwa tayari vimewashwa. Kioo kinachowaka muda wote ndicho cha kwanza kuangaliwa, kisha upimaji wa mapigo ya moyo bila kukoma, upimaji wa oksijeni usiku, na kuwaka kwa kioo mkono unapoinuliwa. Hili la mwisho lina uzito wake katika maeneo ya Mlima Kenya. Mwendesha bodaboda anayeshuka barabara ya changarawe kutoka vilima vya Othaya au Mukurweini hutikisika kiwiko na kifundo njia nzima, na saa huhesabu mitikisiko hiyo kuwa ni mtu anayetaka kusoma wakati. Mchuma chai anayepeleka mkono kwenye kikapu mamia ya mara kwa siku huwasha kioo vivyo hivyo. Watu kama hao wakizima kipengele hicho na kuwasha kioo kwa kukigusa, mara nyingi hupata nafuu kubwa kuliko kwa kubadilisha kitu kingine chochote.

Arifa nazo zichujwe. Kundi la chama, la kanisa, la wazazi wa shule na la harambee ya matibabu, yote ya WhatsApp, yanaweza kuleta ujumbe kila dakika jioni nzima, na kila ujumbe huamsha redio, kioo na mota ya mtetemo. Iwapo sasisho limefuta chaguo la zamani na kuruhusu kila arifa ipite, hilo peke yake linatosha kula chaji ya saa kadhaa. Ujumbe wa M-Pesa na simu zinazoingia ziachwe. Makundi yasomwe kwenye simu.

Kwa wakimbiaji na wapanda mlima, GPS ndiyo mlaji mkuu. Garmin Forerunner 255 inaonyesha jambo hili waziwazi: kwa mujibu wa mtengenezaji, ikitumia GPS pekee inaweza kudumu hadi saa 30, lakini ikisoma mifumo yote ya setilaiti kwa masafa zaidi ya moja, muda huo hushuka hadi saa 16. Yaani chaguo moja kwenye menyu limekata karibu nusu ya uhai wa betri. Chini ya miti mirefu ya msitu wa Aberdare, au kwenye bonde lenye kingo kali, usomaji huo wa hali ya juu una faida, kwa sababu mawimbi ya setilaiti huzuiwa na kurudishwarudishwa na kuta za bonde. Kwenye barabara ya wazi ya kutoka Nyeri kuelekea Kiganjo hauna lazima. Baada ya kila sasisho, anayekimbia kwa saa afungue menyu hiyo na kuhakikisha iko alipoiacha.

Katika ukanda huu kuna mshukiwa mwingine, naye ni baridi. Mwezi Julai, asubuhi za Nyeri hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na anayesasisha saa yake wakati huo huweza kulaumu programu kwa jambo lililoletwa na hali ya hewa. Baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri ya lithiamu na kuongeza ukinzani wake, kwa hiyo nguvu ya umeme huanguka mapema na asilimia husomeka ndogo kuliko ilivyo. Nyuzi 10 peke yake haziwezi kuua saa iliyovaliwa, kwani ngozi huipasha joto. Hata hivyo, mishipa ya damu ya mkono uliopoa husinyaa, mapigo huwa magumu kusomeka, na baadhi ya saa huongeza mwanga wa taa zake za kijani ili kuyapata. Saa iliyovaliwa juu ya mkono wa jaketi ina hali mbaya zaidi: haina joto la mwili, tena inatafuta mapigo ya moyo kwenye kitambaa.

Kwenye Mlima Kenya wenyewe mambo ni mengine kabisa. Wapandaji wengi wa Point Lenana, yenye urefu wa mita 4,985, huondoka Mackinder's Camp au Shipton's Camp, zote zikiwa karibu mita 4,200, saa nane au tisa usiku ili wafike kileleni jua likichomoza. Saa hizo joto huwa chini ya sifuri, ilhali Apple imeiwekea saa yake ya kawaida kiwango cha matumizi cha kati ya nyuzi 0 na 35. Saa inayozimika hapo ikiwa na asilimia 25 mara nyingi huamka na chaji yake baada ya kupashwa joto ndani ya nguo, na sasisho halihusiki hata kidogo. Jambo linalostahili kukatazwa kwa nguvu zote ni kuichaji kwenye hema lenye barafu. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri, lithiamu hujijenga kama utando wa metali ndani yake, na uharibifu huo hautibiki. Mwongoza watalii wa Naro Moru au Chogoria anayetegemea saa kwa ramani na mwinuko pia hana sababu ya kukubali sasisho siku moja kabla ya safari. Lisubiri mpaka ashuke.

Yote hayo yakishindikana, hubaki kutenganisha saa na simu, kuifuta, na kuiunganisha upya kama mpya. Mwenye saa ahakikishe kwanza kumbukumbu za afya zimehifadhiwa kwenye simu au kwenye akaunti, na atenge jioni nzima yenye umeme wa uhakika na intaneti ya Wi-Fi. Apple Watch haikubali kusasishwa bila kuwa kwenye chaja na kufikia angalau asilimia 50, na kuna sababu: umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ikawa tupu, saa inaweza kubaki haina mfumo wowote. Panapokatika umeme mara kwa mara ni heri kuijaza hadi mwisho kwanza.

Kuna wakati kosa ni la kiwandani, na hakuna mpangilio utakaolirekebisha. Oktoba 2023, Apple ilitoa watchOS 10.1, na baadhi ya watumiaji katika nchi mbalimbali wakaona saa zao zikiishiwa chaji katika saa chache. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo ikaja watchOS 10.1.1, ambayo maelezo yake yalitaja wazi kwamba inarekebisha tatizo la betri kwa baadhi ya watumiaji. Aliyekuwa ameifuta saa yake mara kadhaa katikati ya majuma hayo mawili alisumbuka bure. Dalili ya kosa la aina hii ni kwamba watu wengi wenye aina moja ya saa hulalamika kwa wakati mmoja, na kila jaribio hurudisha matokeo yale yale. Kwenye Apple Watch, kuanzia watchOS 9 ya mwaka 2022, kuna hali ya nguvu ndogo inayoweza kumvusha mtu mpaka marekebisho yafike.

Mwisho ni betri iliyozeeka. Apple inasema betri ya saa yake imetengenezwa ibaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji, yaani miaka karibu mitatu kwa anayeijaza kila siku. Uwezo uliobaki husomeka kwenye mipangilio, sehemu ya betri. Betri iliyofikia hapo huweza kuhimili mfumo wa zamani na kulemewa na mpya, hivyo sasisho huonekana ndilo lililoiua ilhali limefichua tu udhaifu uliokuwapo. Saa ambayo bado iko chini ya dhamana irudishwe ilikonunuliwa pamoja na risiti. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inaipa haki hiyo meno.

Dhamana ikiwa imekwisha, kazi ni ya fundi mwenye kifaa cha kulainisha gundi kwa joto na mkono usio na haraka. Kioo cha saa nyingi hushikiliwa na gundi, na betri iliyo chini yake ikitobolewa na bisibisi huweza kuwaka moto. Ikiwa kioo kimeanza kuinuka chenyewe ukingoni, betri imevimba: saa isichajiwe tena hata mara moja, na ifunguliwe na anayejua. Baada ya kubadilishwa, betri mpya ipimwe kwa jaribio lile lile la usiku. Saa nayo isihesabiwe tena kuwa inahimili maji isipokuwa gundi yake imewekwa upya ipasavyo na kujaribiwa, maana mvua za Machi hadi Mei zinatosha kupenya kwenye ufa usioonekana kwa macho.