'Nguvu' ipi ya stima?

"Stima ya sola haina nguvu," nilisikia mtu akilalama sokoni Wote, Makueni. Yamkini alisema kweli, ila neno 'nguvu' hapo limebebeshwa mizigo mitatu. Volteji ni msukumo. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni kiasi cha umeme kinachopita. Nguvu yenyewe, yaani wati, hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea.

Chukua ampea 5. Kwenye stima ya volti 240 hizo ni wati 1,200, zinatosha kuchemsha maji kwa koili. Kwenye betri ya sola ya volti 12, kule Mutomo, Kitui, ni wati 60 tu. Na mkondo ni ule ule!

Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani (si 'upinzani', huo tuwaachie wanasiasa): omu 48 kwa koili, omu 2.4 kwa vifaa vya sola. Hapo ndipo waya mwembamba huumiza. Wenye ukinzani wa omu 0.2 hula karibu volti 1. Kwenye 240 hutaona tofauti. Kwenye 12, taa inafifia. Basi fundi akikwambia sola yako 'haina nguvu', mwonyeshe kwanza unene na urefu wa waya kabla hujauza mbuzi ununue paneli nyingine.