UPEPO UNAOBEBA PAMBA

Sisi wakulima wa pamba tunapalilia, tunachuma, tunapima ghalani. Lori likishaondoka, wengi wetu hatujui pamba yetu inakwenda kufanywa nini. Leo tuingie kiwandani tukaone.

Katika viwanda vingi vya kuchambua pamba, hatutaona watu wamebeba pamba vichwani. Pamba inakimbia ndani ya bomba kubwa. Je, inabebwa na nini? Inabebwa na upepo.

Tunapopepeta mtama, upepo hupeperusha makapi, punje nzito huanguka. Kiwandani ni vivyo hivyo. Feni kubwa inavuta hewa ndani ya bomba, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Mdomo wa bomba ukiwekwa juu ya lundo, pamba inanyonywa. Upepo huo hukimbia karibu kilomita 100 kwa saa, mwendo wa basi kwenye lami.

Mbele pamba inakuta wavu. Hewa inapita, pamba inazuiwa, inashushwa kwenye mashine za kuchambua. Hapo nyuzi zinaachana na mbegu. Nyuzi zinachukuliwa tena na upepo hadi kwenye pipa la wavu linalozunguka. Hewa inatoka, nyuzi zinabaki zimetandazwa kama blanketi. Kisha zinashindiliwa kuwa marobota.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa mikono na vikapu. Katika miaka ya 1880, Robert Munger wa Texas, Marekani, alibuni mitambo ya kubeba pamba kwa upepo.

Haya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana! Wako wenzetu wanaomwagia pamba maji, au kutia mchanga na mawe, ili mzani uzidi. Pamba yenye maji ni nzito, inashikana mabonge, inaziba bomba. Kazi inasimama.

Na mawe je? Njiani upo mtego. Bomba linapanuka, upepo unapungua nguvu, jiwe linaanguka. Sumaku nayo inakamata misumari. Lakini si kila kitu kinanaswa. Jiwe likigonga chuma cha mashine, cheche inaweza kuruka. Hapo upepo ule ule unaobeba pamba utabeba moto. Tena moto wa pamba una hila. Unaweza kujificha ndani ya robota siku kadhaa, halafu ndipo uwake.

Kiwanda kikiungua, pamba yetu itachambuliwa wapi? Na pamba ikijulikana kuwa chafu, bei inashuka hata kwa yule aliyeleta safi.

Basi tuchume umande ukishakauka. Tuianike vizuri. Tuondoe majani na mawe. Pamba safi na pamba fifi tuzitenge. Kilo mbili za maji tunazouza leo, kesho tutazilipa sisi wenyewe.